Ruta ya Nne

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili nililinunua la kuandika maneno ya Baba. Daktari alisema kila neno litakalomrudia liandikwe na tarehe yake. Huu ni mwezi wa sita tangu kiharusi kimpige, na hajarudiwa na hata moja. Kwa hiyo naandika ya kwangu, na ya kwangu kwa leo ni haya: nimewachoka watu wa nyumba hii.

Mvua zimeanza jana. Kila msimu ni hivi hivi, siku ya pili tu nyumba nzima inanuka soksi. Baba aliijenga mwenyewe enzi zake za ufundi bomba, na kuta alizipandisha nene utadhani anasubiri vita. Chini tunakaa mimi, Baba na mdogo wetu wa kike wa mwisho tunayemwita Kitinda. Ghorofani yuko Kaka na mkewe, wanatukanyagia vichwa kutwa.

Habari njema ni moja. Hospitali imempatia Baba mwalimu wa kumfundisha kusema. Vipindi ni kumi na vinne, kila Jumanne na Ijumaa saa tatu asubuhi, kwa video, maana mwalimu yuko mbali. Sharti ni kwamba akikosa mara tatu, nafasi anapewa mgonjwa mwingine, na mtandao ukikatika kwetu ni kosa letu. Foleni ni ya mwaka mzima. Na daktari alishaniambia pembeni kwamba sauti isiyorudi ndani ya mwaka wa kwanza huwa ngumu kurudi tena.

Mtandao tulio nao unatoka kwenye ruta ya Kaka, iliyo ghorofani juu ya kabati la viatu vyake. Chumbani kwa Baba haufiki kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Kaka yangu anafundisha udereva. Kwake kila binadamu ni mwanafunzi aliyekanyaga klachi vibaya. Leo nimemwomba ateremshe ruta koridoni, katikati ya nyumba, ili Baba naye apate. Akachukua kona ya kadi yake ya biashara, akaanza kuchokolea meno, akachunguza alichokitoa, akakirudisha mdomoni. Kha! Nilitamani kutapika.

"Sikiliza, Kalamu Nyekundu," akasema. Jina hilo wamenibandika kwa sababu nasahihisha miswada ya vitabu vya shule. "Ruta ya mwenye nyumba haiwekwi koridoni kama ndala."

"Mwenye nyumba yuko kitandani," nikamwambia.

Akanitazama kama nimemgongea kioo. Ruta imebaki juu ya viatu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Shuka la Baba nimelianika siku tatu na bado limelowa.

Jumapili, 9 Machi

Sasa nyumba ina ruta tatu, na akili hazijaongezeka hata moja.

Kitinda anauza viatu laivu sebuleni kila jioni, anawapigia kelele watu asiowaona: "Namba thelathini na tisa imebaki moja, dada zangu, moja!" Amenunua ruta yake ili asimwombe mtu. Kaiunganisha kwenye waya unaoshuka kutoka kwa Kaka, kisha anasema hamwombi mtu. Kesho yake naye mke wa Kaka akaleta nyingine, kaitundika koridoni nje ya mlango wa Baba. Eti dukani zilikuwa zinauzwa pacha, akang'ang'ana hadi wakamkatia moja.

Huyu wifi yangu ni mshonaji. Anavaa ndala zinazopiga makofi, na maelekezo ya ruta kayasoma huku anafuata mstari kwa kidole, midomo inacheza, saa mbili nzima. Watangazaji wanatuambia wifi ni kitu cha kuunganisha watu. Hawajamwona wa kwangu.

Kila ruta ina jina lake linaloonekana kwenye simu. Ya Kaka inaitwa MKUBWA NI MMOJA. Ya Kitinda inaitwa SI YAKO. Ya Wifi inaitwa Karibu, kama kizulia cha mlangoni. Nenosiri la Kaka halijui Kitinda, la Kitinda halijui Kaka, na tangu asubuhi wamebishana ni ruta ya nani iliyo juu na ya nani iliyo chini. Watu wazima hawa! Mmoja ana miaka hamsini. Manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, lakini hawa hata chombo hawana, wana vikopo vya plastiki vyenye masikio.

Mimi sina makuu. Nina kidude changu kidogo, ruta ya kutia laini ya simu, nilichokinunua mwaka jana kwa mtu. Nimekiweka juu ya kabati langu la nguo. Kina kifurushi chake, lakini nimekichomeka pia waya hadi kwenye soketi ya mtandao ya ukutani, ili kifurushi kikiisha kinywe kidogo cha Kaka. Jina nimelificha lisionekane. Sikumwambia mtu, ya nini? Sitaki kuingizwa kwenye ushindani wao wa kijinga.

Jumanne, 11 Machi

Kipindi cha kwanza. Nilimnyoa Baba, nikamvisha shati la bluu, nikaegemeza tableti kwenye mto. Kitinda alikaa miguuni pa kitanda. Mwalimu ni mtu mnene mwenye sauti ya pole, nyuma yake kuna rafu tupu yenye chupa moja ya maji.

"Mzee wangu," akasema, "mimi na wewe hatuna haraka. Tufungue mdomo tu, tuufunge."

Baba akafungua, akafunga. Jasho lilimtoka kama anapandisha tangi darini. Mwisho wa saa akatoa "aaa" ndefu, nene, iliyokwaruza, na mwalimu akapiga makofi. Nikatoka nje nikalia kwenye mvua ili ionekane ni mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Kipindi cha pili, salama. "Aaa" na "mmm".

Jumatatu, 17 Machi

Kifurushi changu cha mwezi mzima kimeisha siku ya nane! Mimi nasoma miswada, sitazami hata filamu. Nimewapigia kampuni, mtoto wa watu akaniambia "umetumia, mama". Wezi wakubwa hawa. Nimesonya hadi mdomo umeuma. Sinunui tena, nitakunywa cha Kaka.

Jumanne, 18 Machi

Leo imetokea.

Saa tatu kasoro tano mwalimu alikuwa hewani, uso wake safi kabisa. Baba akasema "maa". Akarudia "maa". Mwalimu akasema, "Haya mzee, sasa tuongeze," na hapo hapo uso wake ukaganda, mdomo wazi. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nikatikisa tableti. Nikaizima, nikaiwasha. Inasema imeunganishwa, alama zote zimejaa, lakini hakuna kitu. Nikapiga kelele, "Kaka! Mtandao!" Akajibu toka juu, "Kwangu uko vizuri!" Kitinda naye, "Kwangu upo!" Wifi akashuka mbio, ndala pa pa pa, akaichomoa ruta yake akaichomeka tena. Wapi.

Dakika kumi zikapita. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: kipindi kimehesabiwa kukosa, cha kwanza.

Baba muda wote huo alikuwa amekaa amefungua mdomo, anasubiri kuambiwa aufunge. Sitasahau. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akaonyesha juu ya ukuta unaotenganisha chumba chake na changu, kwenye tundu la hewa. Akaonyesha na kuonyesha huku anatoa "aaa, aaa".

"Anasikia baridi," Kitinda akasema. "Upepo unapita pale."

Nikapanda kwenye stuli nikaliziba lile tundu kwa kitambaa cha jikoni. Baba akauteremsha mkono, akageukia ukutani.

Alhamisi, 20 Machi

Kikao cha familia. Kaka alisimama, sisi tumekaa. "Kosa la kwanza la dereva ni kujaa hofu," akaanza. Nikamwambia hapa hakuna gari. Kitinda akasema ruta ya Kaka ni kuukuu. Kaka akasema wateja wa Kitinda ndio wanaofyonza kila kitu. Wakaanza kutoleana ya utotoni, nani alivunja redio ya Baba. Mate ya Kaka yaliruka mpaka kwenye mkate. Sikuugusa tena.

Nikasema kile ninachokiamini. Ukiangalia vizuri, tableti ya Baba hushika ile ya koridoni, ile Karibu. Na aliyeifunga ni nani? Mtu anayesoma kwa kidole.

Wifi akaniangalia. "Kama ndiyo, itoe," akasema.

Nikaichomoa mbele yake nikaitupa juu ya friji. Tableti nikaiunganisha na SI YAKO ya Kitinda, baada ya kumbembeleza anitajie nenosiri kwa nusu saa. Jioni nikanunua kifurushi, maana miswada imekwama na cha Kaka kinakuja na kukata kama kwikwi.

Ijumaa, 21 Machi

Kipindi salama toka mwanzo mpaka mwisho! "Maa" na "baa". Si nilisema? Nimechomoa ruta ya Wifi, mtandao umepona. Sijamwambia kitu, nimepita tu jikoni nikiimba.

Jumanne, 25 Machi

Salama. Baba kasema "maji". Wazi kabisa. Nimempa maji hadi akakataa. Neno la kwanza, tarehe 25 Machi, limeandikwa.

Ijumaa, 28 Machi

Nilikwenda kupeleka muswada. Niliporudi Kitinda aliniambia mtandao uliyumba kidogo ukakaa sawa. "Hapana" ni neno la pili.

Ukungu umeota kwenye viatu vyangu vya harusi. Harusi yenyewe iliota ukungu zamani, kwa hiyo ni haki.

Jumatatu, 31 Machi

Kifurushi kimeisha tena. Siku kumi na moja! Nitawashitaki.

Jumanne, 1 Aprili

Kosa la pili. Dakika ya nne tu, uso wa mwalimu ukaganda. Safari hii ruta ya Wifi ilikuwa bado juu ya friji, imelala na vumbi lake, kwa hiyo sikuwa na wa kumrukia. Nilizunguka nyumba nikiwa na tableti juu ya kichwa kama mchuuzi wa sinia, sebuleni, koridoni, ngazini. Alama zimejaa, mtandao hakuna.

Kaka akashuka akiwa na taulo na povu la sabuni masikioni. Akasema dawa ni kuzima SI YAKO. Kitinda akasema dawa ni kumzima yeye. Kaka akaing'oa ruta ya Kitinda ukutani, Kitinda akaushika waya, wakavutana, mtu na dada yake, taulo nalo likaamua kuondoka. Mungu wangu! Miaka arobaini na tatu nimejitahidi nisione nilichokiona leo. Ruta ikawaponyoka ikaangukia ndoo ya kukinga maji ya paa.

Baba alisikia yote. Mlango ulikuwa wazi. Nilipoingia alikuwa ananitazama mimi, si wao. Akauinua tena mkono kuelekea kwenye tundu nililoliziba. "Hapana," akasema. "Hapana." Nikamwambia Baba, nimeshaziba, hakuna upepo.

Barua imeingia mchana. Tumebakiwa na kosa moja.

Ijumaa, 4 Aprili

Asubuhi niliamua kwenda hospitali mwenyewe kuwapigia magoti watuongezee nafasi. Nilimwachia Kitinda kazi ya kuwasha tableti. Hospitalini nilikaa kwenye benchi lililolowa, mwisho karani akaniambia, "Mama, sharti ni sharti." Nikarudi nikiwa nimelowa hadi ndani, najua tayari nitakachokikuta.

Tableti ilikuwa mezani, kiduara kinazunguka. Kitinda yuko sebuleni anakausha ruta yake kwa mashine ya nywele. Nikasikia sauti ya mwalimu. Nikaenda hadi mlangoni kwa Baba.

Wifi alikuwa amepiga magoti sakafuni kando ya kitanda, mikono miwili juu, ameishika simu yake mwenyewe mbele ya uso wa Baba. Jasho linamchuruzika kwenye kidevu na hawezi kulifuta. Baba anasema, "Le-te. Le-te." Na mwalimu: "Vizuri sana, mzee wangu!" Alikaa hivyo mpaka saa ikaisha. Mimi nilisimama tu mlangoni, natiririsha maji kama mwavuli.

"Kifurushi chako mwenyewe?" nikamuuliza alipotoka.

"Ee."

"Na Ijumaa ile, nilipokwenda kupeleka muswada?"

"Na ile."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza, wifi," akasema. Akapanda ngazi. Ndala zake zina kelele kwa sababu moja imekatika kamba ameifunga kwa uzi wa cherehani. Siku zote hizi sikuwahi kuiangalia.

Jumamosi, 5 Aprili

Wifi ndiye aliyempata fundi, mteja wake wa mashono. Mama wa makamo, buti za mpira, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni. Hakusalimia sana. Akafungua kompyuta yake mezani, akatulia, sisi wote tumemzunguka kama kuku.

"Mna ruta ngapi humu?"

"Tatu," Kaka akasema. "Moja iko juu ya friji, moja ilizama."

"Mimi naona nyingine."

Tukatazamana. Mimi nami nikawatazama wenzangu kwa zamu, hata hasira ikaanza kunipanda: nani kati ya hawa wanafiki?

Fundi akatueleza taratibu, kama anavyoeleza mtu aliyechoka kueleza. Kila simu ikiingia kwenye mtandao wa nyumba, inaomba namba yake na inauliza mlango wa kutokea nje uko wapi. Anayejibu anatakiwa awe mmoja. "Kwenu wanajibu wawili. Yupo wa pili, amechomekwa kwenye waya huu huu wa nyumba, naye anawagawia watu namba na kuwaelekeza kwenye mlango wake. Hizo ruta zenu nyingine nazo zinamsikiliza, zinawapeleka watu huko huko. Mlango wenyewe siku nyingine uko wazi, siku nyingine umefungwa. Ni kile kiruta cha laini ya simu. Kifurushi kikiwepo mnapita mnafurahi. Kikiisha, mnagonga ukuta."

Nikahesabu kimoyomoyo. Siku nane. Siku kumi na moja. Si kampuni. Kitinda alikuwa anauza viatu vyake kwa kifurushi changu, Kaka anatazama mipira yake kwa kifurushi changu, na kila kilipokauka, Baba aliachwa mdomo wazi.

"Nitachomoa waya mmoja mmoja mpaka nikipate," fundi akasema. Ngurumo ikapiga, umeme ukakatika. "Basi, Jumatatu."

Kabla umeme haujarudi nilikuwa nimeshakichomoa kidude, nimekizungushia waya wake na kukisokomeza ndani ya sweta, chini kabisa ya kabati. Mikono ilifanya kwanza, kichwa kikafuata. Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi nimeliona vizuri sana, nikalivalisha sweta.

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi alirudi, akafungua kompyuta, akavua miwani. "Imeondoka," akasema. "Ya nne imeondoka yenyewe."

Akapanga upya kila kitu. Ya Kaka imeshushwa koridoni, ndiyo itakayogawa namba peke yake. Ya Kitinda, ambayo imekauka na kupona, na ya Wifi, zimekuwa za kusambaza tu. Kitinda akauliza kama hiyo maana yake yeye yuko chini ya Kaka. Fundi akamwambia, "Maana yake una mtandao." Jina nalo ni moja kwa zote. Kaka akataka la kwake, Kitinda akakataa, fundi akaandika Karibu bila kumuuliza mtu.

Alipokuwa anafunga mkoba akasema, "Kikulacho ki nguoni mwenu." Hakunitazama. Lakini mimi masikio yaliniwaka moto kama nimepigwa kofi.

Na sasa niandike lile lililobaki, ingawa kalamu haitaki. Wakati wa chakula Kaka akaweka kijiko chini. Akamgeukia mkewe. "Si ulisema dukani zilikuwa zinauzwa pacha? Ya pili uliificha wapi?"

"Sikununua pacha," Wifi akasema.

"Ilikuwepo, fundi akaja, ikatoweka. Na fundi ni rafiki yako. Baba yangu nusura abaki bubu kwa ajili ya siri zako!"

"Sikununua pacha."

Kitinda akasema, "Ungekiri tu, yaishe." Akamtazama kama mtu anavyotazama unywele kwenye mchuzi. Kisha wote wakanigeukia mimi, mwenye kauli kali siku zote, waone nitasema nini.

Nikaomba nipitishiwe chumvi.

Jumanne, 8 Aprili

Salama. Mtandao kama maji ya bomba. Baba: "chai", "kesho".

Ijumaa, 11 Aprili

Salama. Wifi hashuki tena. Kaka amempiga marufuku kugusa kifaa chochote, na usiku analala kwenye chumba cha cherehani. Kucha za Baba, ambazo yeye ndiye aliyekuwa anazikata, zimekuwa ndefu. Nilijaribu kuzikata mimi, Baba akauvuta mkono.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilipanga kusema leo. Kaka akaanza na kona ya kadi yake, nikasingizia kichefuchefu, nikaondoka mezani. Kichefuchefu kilikuwa cha kweli, ila si cha kadi.

Jumatano, 16 Aprili

Kitinda alimpeleka Baba bafuni kwa kiti cha magurudumu, nikabaki natandika kitanda. Sijui kilichoniingia. Nikalala mahali pake, kichwa kwenye mto wake wenye harufu ya dawa, nikatazama anakotazama. Nikanyanyuka, nikapanda stuli, nikakitoa kile kitambaa cha jikoni, nikalala tena.

Kwenye tundu la hewa inaonekana dari ya chumba changu na kipande cha juu cha kabati. Kipande kile kile nilipokiweka kidude. Fundi bomba aliyeshindwa kusema alilala hapa anatazama vitaa vya kijani vikiwaka na kuzima, siku vikibadilika vyekundu mtandao unakata, siku vikirudi kijani unarudi. Mtu aliyetafuta mabomba yanayovuja ndani ya kuta miaka arobaini! Alijua kabla ya fundi. Alituonyesha kwa mkono, na mimi nikapanda juu ya stuli nikamziba macho kwa kitambaa cha vyombo.

Nimejitazama kwenye kioo cha kabati. Nimewahi kumwona Kaka akirudisha uchafu wa meno mdomoni, nimewahi kuliona taulo likianguka. Hakuna lililonitia kinyaa kama sura ile kwenye kioo.

Ijumaa, 18 Aprili

Salama. Kipindi cha kumi na mbili. Maneno ya Baba mpaka leo: maji, hapana, lete, chai, kesho, mlango, viatu, asante, mkwe, wapi, leo. "Mkwe" na "wapi" aliyasema pamoja, anamtazama Kaka. Kaka akajifanya anapokea simu.

Kati ya maneno kumi na moja, jina langu halimo.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua zimepungua. Shuka limekauka kwa siku moja. Mwalimu kasema Ijumaa ni kipindi cha mwisho, familia yote iwepo, mzee atasema sentensi yake mwenyewe, ya kutunga mwenyewe, amwambie anayemtaka. Baba akatikisa kichwa kukubali. Anaitunga tayari, namwona midomo ikicheza, polepole, kama Wifi na yale maelekezo yake.

Ijumaa, 25 Aprili

Jua lilitoka asubuhi. Tulijipanga kitandani kwa Baba: Kaka kwenye kiti, Kitinda miguuni, mimi ukutani. Baba akatazama mlango. "Mkwe," akasema. "Mkwe." Hakuanza mpaka Kaka alipokwenda kumwita. Wifi akasimama kizingitini, nusu ndani nusu nje.

Mwalimu alikuwa safi kwenye kioo, nyuma yake ile rafu na ile chupa. "Mzee wangu, leo sikufundishi. Leo mimi ni msikilizaji. Zungumza na umtakaye."

Baba akameza mate. Akanigeukia. Hakuinua mkono, hakuonyesha ukuta wala tundu. Alinitazama tu usoni, kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo, nimevunja kitu, na yeye ameshakiona kitu chenyewe.

"Mimi," akasema. Akapumua. "Mimi, ni-me-sema."

Mwalimu akataka kupiga makofi. Baba akatikisa kichwa, bado.

"Sasa," akasema, na mshipa wa shingo ukamsimama. "Sasa sema wewe."

Kaka akacheka kidogo, hajaelewa. Kitinda akapangusa machozi, akidhani ni maneno ya upendo. Nilimwona Wifi ananiangalia, na sura yake haikuwa inauliza kitu. Nikatamani, Mungu anisamehe, baada ya msimu mzima wa kuomba mtandao usikatike, nikatamani ukatike sasa hivi, kiduara kizunguke, watu wakimbilie waya, siku ipite.

Nikatoka. Nikafungua kabati, nikaingiza mkono hadi chini kabisa, nikarudi na kidude mkononi, waya wake unaburuta sakafuni, sweta bado limening'inia.

"Wifi," nikasema, "ya nne ni hii. Ni yangu. Ilikuwa yangu tangu mwanzo, na siku ulipotukanwa mezani nilikuwa najua."

Kaka alibaki mdomo wazi. Mwalimu yuko pale pale, anasikia kila kitu, uso wake safi, haugandi. Leo niliyoomba ukatike, mtandao haukukatika.